Mabosi wa Mziki wa Trela: Sabufa Mnanunua, Fyuzi Inawashinda?

Wadau, leo naongea na watu wangu wa Manyara, hasa Mbulu na Hanang. Nyie mabosi mnaofunga mziki kwenye trela la trekta na kuzunguka nalo kwenye harusi, minada na promosheni, kuanzia Katesh mpaka Haydom. Mnapendezesha, tusidanganyane. Trela lililobeba ngano ya Basotu wiki iliyopita, leo lina turubai, taa za rangi na sabufa mbili. Mzuka upo. Shida iko nyuma ya turubai, kamera ya simu isikofika.

Kuna bosi mmoja, jina kapuni, ila akisoma hapa atajijua. Kila wikiendi anaposti klipu za sabufa zake na kutaja bei bila hata kuulizwa. Sawa, hela ni yake. Ila kutoka kwenye betri mpaka kwenye amplifaya amevuta waya wa kufungia soketi za nyumbani, fyuzi hakuna, na aliyekaa juu ya boksi la betri ni dogo anayechezesha mziki kwa posho ya siku. Bosi yuko chini anapokea sifa. Hapo ndo ninapokasirika.

Tupige hesabu ndogo. Amplifaya ikivuta wati 600 kwenye betri ya volti 12, gawanya: unapata ampea 50. Ule waya wa soketi ambao mafundi wanauita wa 2.5 ni wa ampea 20 na kitu. Nyumbani umeme ni volti 230, kwa hiyo wati 600 hizohizo zinapita kwa ampea zisizofika 3. Ndo maana waya uleule nyumbani unatulia, kwenye trela unaiva.

Sasa fyuzi. Waya wa chanya ukichunika na kugusa chuma cha trela, betri inamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Fyuzi ikiwepo inakatika, mziki unazima, mnacheka, mnarekebisha. Isipokuwepo, waya wenyewe ndo unawaka, tena ukiwa umelala juu ya mbao na mabaki ya majani makavu. Na msiniambie amplifaya ina fyuzi zake. Zile zinalinda amplifaya. Kipande chote cha waya kutoka betri mpaka pale hakina mlinzi. Fyuzi kubwa inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45.

Najua utetezi wenu. Wa kwanza: "Fyuzi inatukatia shoo." Ndo maana wengine mnaviringishia foili ya pakiti ya sigara! Fyuzi ikikata imekwambia kuna kosa, we unaiziba mdomo.

Wa pili: "Muulizeni fundi." Fundi alikwambia mnunue waya wa shaba wa 16, sio ule wa aluminiamu uliofunikwa shaba, na fyuzi ya ampea 60. Ukamjibu, "Funga huohuo uliopo, tunawahi mnada." Likiharibika la fundi, likinoga la kwako?

Wa tatu: "Mbona tumezunguka hivi miaka yote?" Waya uliopita kwenye tundu la chuma bila mpira hauchuniki siku moja. Unasuguliwa kidogo kidogo na makorongo ya barabara za vumbi mnazopita kila siku. Siku ukiisha kulika hautatuma meseji.

Halafu trela likiungua utasikia washindani wamemroga. Bosi, mchawi wako ni ubahili.

Wenye Fuso nanyi msijifiche. Fuso inatumia volti 24, betri mbili zimeunganishwa. Mnafunga amplifaya ya volti 12 kwenye betri moja tu, hiyo inakwisha, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa kabla ya wakati. Nunueni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, au wekeni betri ya mziki peke yake.

Na wa matrekta, waya wa hasi msiiachie ndoano ya trela ifanye kazi hiyo. Pale pana kutu na grisi, halafu panacheza. Vuteni waya wa hasi mnene kama wa chanya mpaka kwenye betri. Boksi la betri nalo litobolewe matundu, maana betri ya maji ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Dogo kakalia hiyo, na pembeni kuna mtu anavuta sigara.

Mashabiki nasi tunachangia. Tunasifia sabufa, hakuna anayewahi kusifia waya. Kama unakodi mziki kwa harusi ya dada yako, kabla hujatoa advansi mwambie bosi akuonyeshe fyuzi. Akikucheka, hela irudi mfukoni, tafuta mwingine.

Mi sipingi mziki mnene. Mbulu na baridi lake lile, bila mziki tutachangamkaje? Ninachopinga ni mtu kuwa na hela ya taa za rangi halafu afyatuke akiambiwa anunue fyuzi inayouzwa bei ya chipsi. Yule dogo wa kwenye trela hana mkataba wala bima, na ana mama anayemsubiri arudi nyumbani.

Haya, tiririkeni hapo chini. Mafundi, semeni ukweli: ni mara ngapi bosi kakwambia "funga hivyohivyo"? Na wewe bosi, usije na matusi. Njoo na picha ya fyuzi yako.