Shingo ya Gitari na Mukono Utakaoipiga



Mwezi huu nimepokea barua ya mukubwa wa korali moja ya vijana ya Kolwezi. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu maneno yake yamenigusa mimi mwenyewe. Anaandika hivi:

«Papa, tumemaliza mwaka muzima tukiuzisha mikate na makala, na sasa feza ya kununua gitari mupya ya base imetimia. Tunataka kwenda kuinunua Lubumbashi. Lakini mabishano yameingia. Anayepiga base kwetu ni binti wa miaka 16, na mikono yake ni midogo. Musaidizi wake ni kijana anayechimba madini. Vidole vyake ni vinene, na kimoja kilikatwa ncha kule mugodini. Muuzaji ametuambia kwa telefone kwamba ziko gitari za shingo pana na za shingo nyembamba, tuchague. Wazee wa komite wanasema: Mukamate ya shingo pana, ile njo ya bwanaume. Huyu binti ataolewa kesho, gitari itabaki. Binti alisikia maneno hayo, na Siku ya Mungu iliyopita hakuja kupiga. Tufanye namna gani?»

Bon, tuongee. Lakini mbele ya kujibu, niwaambie kosa langu.

Zamani, nikiwa kijana, nilikuwa fundi wa mashini, na Siku ya Mungu nilikuwa napiga base kanisani. Korali ikachanga feza, ikanituma mimi peke yangu kununua gitari. Pale dukani nikashika gitari ine. Moja ilikuwa na shingo pana tena nene, ikajaza kiganja changu vizuri sawa ufunguo mukubwa wa kazini. Nikasema: njo hii. Nikalipa, nikarudi, ba mama wakapiga vigelegele.

Haikupita miaka miwili, kampani ikanihamisha mji mwingine. Gitari ikabaki na mutoto wa miaka 14 niliyekuwa nimemufundisha mwenyewe. Siku nyingine nikarudi kuwasalimia, nikakuta gitari imetundikwa ukutani kwa sakristia, vumbi juu yake. Nikamuuliza yule mutoto: «Juu ya nini haupigi tena?» Akaangalia chini. «Yaya, mukono ulikuwa unaniuma. Nilifikiri ni mimi ndiye siwezi.»

Neno lile halijatoka katika roho yangu hata leo. Gitari niliichagua kwa mukono wangu, lakini feza ilikuwa ya kanisa zima. Na mutoto alibeba lawama ambayo ilikuwa ya kipande cha muti.

Shingo iko na vipimo vitatu

Muuzaji amewaambia kipimo kimoja paka, upana. Lakini viko vitatu, na watu wanavichanganya.

Kwanza, upana. Unapimwa juu, karibu na kichwa cha gitari, pale kwenye kile kipande kidogo cha mufupa au plastiki kinachoshika nyuzi. Gitari ya base ya kampani ya Fender ya Marekani, inayoitwa Precision Bass, ilitoka mwaka wa 1951, na pale juu ilikuwa na upana wa milimeta 44 hivi. Mwaka wa 1960 kampani hiyohiyo ikatoa nyingine, Jazz Bass, yenye milimeta 38. Baadaye ikawa inaandika herufi kwenye shingo: A kwa milimeta 38, B kwa 41, C kwa 44. Viwanda vingi vimeiga vipimo hivyo. Njo maana dukani mutasikia watu wakisema shingo ya J na shingo ya P. Ya J ni milimeta 38. Za P za siku hizi, nyingi ziko kati ya 41 na 43.

Kati ya 38 na 44 ni milimeta 6 tu, hata unene wa kreyo haufiki. Lakini mukono unazisikia. Kwa shingo nyembamba, vidole vinatoka uzi munene kwenda uzi mwembamba bila safari ndefu. Kwa shingo pana, kidole kinene kinapata nafasi yake, hakigusi uzi wa jirani. Mujue pia kwamba tofauti hiyo iko juu. Kule chini, mukono wa kuume unapopiga, nafasi kati ya nyuzi ni karibu sawa kwa zote mbili.

Pili, unene. Shingo mbili zinaweza kuwa na milimeta 38 zote, lakini moja ikawa bapa na nyingine ya mviringo sawa mupini wa jembe. Rula haionyeshi jambo hili. Kiganja peke yake njo kinajua. Shingo nyembamba kwa upana, lakini nene kwa nyuma, inaweza kuchosha mukono mudogo kuliko shingo pana iliyo bapa.

Tatu, urefu wa nyuzi, tangu kile kipande cha juu mpaka daraja la chini. Gitari nyingi za base ziko na milimeta 864. Ziko pia fupi, za milimeta 762. Sasa pimeni: kwa gitari ya urefu wa kawaida, toka chuma cha kwanza cha shingo mpaka chuma cha ine ni karibu milimeta 130. Kwa ile fupi ni karibu 114. Ni tofauti ya milimeta 15 na zaidi. Kwa mukono mudogo, hapa njo shida kubwa inakaa. Watu wananunua shingo nyembamba, mukono unaendelea kuuma, wanashangaa. Shida haikuwa upana, ilikuwa urefu.

Lakini gitari fupi nayo iko na mambo yake. Sauti yake ni ya mviringo zaidi, na nyuzi zake hazikazi sana. Tena inataka nyuzi za kipimo chake. Kama munaichukua, nunueni nyuzi za akiba siku ileile.

Na vijana wanaopenda gitari ya nyuzi tano, musikilize: shingo yake kwa kawaida inafika milimeta 45 mpaka 48. Kama mupigaji wenu anapigana na nyuzi ine, musimwongezee ya tano.

Je, shingo pana ni ya wanaume?

Wazee wangu, kwa heshima yote, hapana. James Jamerson wa Detroit, aliyepiga base katika nyimbo nyingi za Motown na akafariki mwaka wa 1983, alitumia Precision ya mwaka wa 1962. Jaco Pastorius alikuwa mwanaume wa mikono mikubwa na vidole virefu, lakini gitari iliyomupa jina ilikuwa Jazz Bass, ya shingo nyembamba. Na huko Los Angeles, katika miaka ya 1960, mama mumoja, Carol Kaye, alikuwa anapiga Precision studio kwa studio, huku akilea watoto wake. Munaona? Mwanaume na shingo nyembamba, mwanamuke na shingo pana. Shingo haiulizi kama wewe ni nani. Inauliza mukono wako.

Hata hapa kwetu Katanga, wazee wanamukumbuka Jean Bosco Mwenda, aliyefariki mwaka wa 1990. Kwa gitari ya kawaida isiyo na umeme, kidole gumba chake kilikuwa kinatembeza base, na kidole kingine kinaimba juu. Base inaanza kwa mukono.

Basi muchague nini?

Kama gitari ingekuwa ya mutu mumoja, ningesema: apime, achukue ile inayomufaa. Lakini hii ni gitari ya korali. Mikono miwili itaipiga mwaka huu, na mingine miaka ijayo. Mimi nasema hivi: mupime kwa mukono mudogo kuliko yote. Mukono mukubwa unaweza kuzoea shingo nyembamba. Mukono mudogo kwa shingo pana tena nene utavumilia kwanza, halafu utauma, halafu utaacha. Nimeliona kwa macho yangu.

Kwa hiyo, anzeni na gitari ya nyuzi ine, milimeta 38, shingo isiyo nene nyuma. Kama binti hafiki vizuri kwa urefu wa kawaida, jaribuni ile fupi. Kama vidole vya kijana wa mugodini vinagusa nyuzi za jirani, pandeni kidogo mpaka 40 au 41, lakini iwe bapa. Msaidizi naye ni mutu, tusimusahau.

Pale dukani mufanye hivi:

1. Muende na mikono yote miwili. Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, najua nauli ni feza. Lakini nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko gitari ya kutundika ukutani. Binti aende pamoja na mama mumoja wa korali, wazazi wake wapate amani.

2. Mubebe kipande cha karatasi na rula ya shule. Zungusha karatasi juu ya shingo karibu na kichwa, kunja pale kingo mbili zinapoishia, halafu pima. Kama munaongea na muuzaji kwa telefone, mwombeni picha ya rula ikilala juu ya shingo. Asiyetaka kupima, musimutumie feza.

3. Binti apige robo saa nzima, nusu akikaa, nusu akisimama na mukanda begani. Apige wimbo wa polepole na wimbo wa mbio, wote karibu na kichwa cha gitari, ambapo vyuma vimeachana zaidi. Kidole gumba kikae katikati nyuma ya shingo, kisining'inie juu. Si lazima vidole vine vifunike vyuma vine. Wapigaji wa kontrabasi, ile base kubwa ya kusimamisha, tangu zamani wanatumia kidole cha kwanza, cha pili na cha mwisho, halafu wanasogeza mukono. Kuchoka kidogo si kitu. Lakini maumivu kwenye kifundo cha mukono, au ganzi kwenye vidole, ni alama ya kurudisha gitari hiyo mahali pake.

4. Kijana naye abonyeze uzi mumoja na kupiga uzi wa jirani. Kama wa jirani unalia safi, kidole chake kimepata nafasi. Kile kidole kilichokatwa ncha akijaribu kwa uzi munene na kwa uzi mwembamba, aseme kweli. Asione haya.

5. Pitisha kidole polepole kando ya shingo, juu mpaka chini. Wakati wa kiangazi mbao hukauka, zinapungua, na ncha za vyuma zinatoka nje na kukwaruza. Tena angalieni shingo kwa jicho moja toka kichwani, sawa fundi anavyoangalia ubao. Ikiwa imejikunja kama pete ya mulango, muache.

Sasa nimalize na neno la wazee, maana hapo njo pana uzito.

Munasema binti ataolewa, ataondoka. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa mwanaume, mwenye kazi, mwenye mukono wa kujaza shingo pana, na niliondoka mbele ya miaka miwili. Kampani ilinihamisha kwa barua moja. Yule kijana mwenye vidole vinene, kesho akisikia madini yamepatikana upande mwingine, atabaki? Katika miji yetu hii ya mugodi, mikono yote inaondoka. Gitari njo inabaki, pamoja na mutoto atakayeikuta ukutani. Mutoto huyo, mukono wake utakuwa mudogo. Basi mukinunua kwa kipimo cha binti wa leo, mumeshanunua pia kwa mutoto wa kesho.

Na yule binti, musimutumie ujumbe kwa watoto. Muende nyumbani kwao, ninyi wazee wenyewe, mukae, mumuombe aje Lubumbashi kuchagua. Ametafuta feza hiyo pamoja nanyi, mwaka muzima, sahani ya mikate kichwani.

Wewe binti, kama unasoma: mukono kuuma haina maana hauwezi. Rudi kwa korali, na siku ya kununua ushike gitari kwanza, mbele ya mutu mwingine.

Mukirudi toka Lubumbashi, mutuandikie. Musisahau kuandika kipimo. Nataka kujua ni milimeta ngapi.