Presha ya macho isisahauliwe kwa wenye maradhi ya tezi

Ukitaja presha hapa Naif, wengi hufikiria ile ya damu. Presha ya jicho ni jambo jingine kabisa, na kwa ndugu zetu wenye maradhi ya tezi ya shingo inastahili kupimwa na kuandikwa kila wanapomwona daktari wa macho.

Katika ugonjwa uitwao Graves, kinga ya mwili huichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi. Kinga hiyohiyo huweza kushambulia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Macho hutokeza, kope huvutika juu, na mgonjwa huweza kuona vitu viwili viwili. Mitaani ataambiwa ana jini, au wamtanie kwamba macho yamemtoka pima kwa uchu wa pesa.

Ili kutuliza uvimbe, madaktari hutumia steroidi kama prednisoloni. Dawa hizo zinasaidia, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho baada ya wiki chache, mara nyingi bila maumivu yoyote. Presha ya kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Ikibaki juu kwa muda mrefu huharibu mshipa wa kuonea, na kilichoharibika hapo hakirudi. Sisi Waafrika tuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma kuliko watu wa Ulaya, tena mapema, kwa hiyo hatuna nafasi ya kuchezea.

Tatizo letu kubwa ni safari. Mfanyabiashara anayekuja soko la Naif kununua mabuibui na manukato, akapeleka mzigo kargo na kurudi Kariakoo au Eastleigh, hubeba vidonge mkobani lakini habebi vipimo vyake. Vidonge vikiisha hununua vingine duka la dawa bila cheti, na hakuna anayemuuliza presha ya macho ilikuwa ngapi mwezi uliopita.

Aliyeajiriwa Dubai ana bima, kwani sheria namba 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amkatie. Mwenye viza ya matembezi hayumo humo, naye huahirisha. Lakini kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu, na kwa maoni yangu ni nafuu kuliko kilo chache za kargo.

Kuna jambo ambalo hata baadhi ya wapimaji hulisahau. Kwa wagonjwa hawa msuli ulio chini ya jicho hukakamaa, hivyo wakitazama juu presha hupanda ghafla. Akipimwa hivyo, mtu anaweza kuanzishiwa matone ya glakoma asiyokuwa nayo. Apimwe akitazama mbele au chini kidogo, na iandikwe alikuwa akitazama wapi. Kinyume chake pia hutokea: glakoma ya kweli ikapuuzwa kwa kisingizio cha tezi.

Wavutaji, wa sigara na wa shisha, wajue kwamba tumbaku huuzidisha ugonjwa huu wa macho.

Presha nzuri pekee nayo haitoshi, maana uvimbe unaweza kuubana mshipa wa kuonea hata presha ikiwa 15. Rangi nyekundu ikianza kufifia katika jicho moja, mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, mzigo usubiri.