Kodi ya Kichwa na Raia Mwema

Raia mwema, tunaambiwa katika mikutano mingi, ni yule atiiye sheria bila shuruti. Hatuna ugomvi na kauli hiyo. Nchi ambayo kila mtu hujichagulia sheria ya kufuata haiwezi kudumu, na sisi tuliolelewa katika Chama hatutamfundisha mtu vurugu. Lakini kauli hiyo ina upande wa pili ambao viongozi wetu, wa Bara na wa Visiwani, huupita haraka: je, sheria yenyewe ikiwa dhalimu, raia mwema afanye nini? Wazee wa Msimbu, katika Wilaya ya Kisarawe, walikuwa na jibu lao, na jibu hilo walilitoa kwa miguu.

Sheria tunayoizungumzia ni ile ya kodi ya maendeleo. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na baada ya Uhuru kodi ya namna hiyo ikafutwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Halmashauri nazo zilivunjwa mwaka 1972, jambo ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kuwa lilikuwa kosa. Zilipofufuliwa mwaka 1984 zilikuwa na majukumu mengi na mfuko mtupu. Ndipo kodi ya kichwa iliporudi, safari hii ikiwa na jina zuri.

Jina halikubadili tabia yake. Mwenye duka na asiye na kuku walidaiwa, kwa kawaida, kiasi kile kile au kinachokaribiana. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kusoma shuleni tulikuwa tumekwisha kufundishwa habari za zaka, ya kwamba ina nisabu yake, na asiyefikia nisabu hatozwi, bali huenda akawa ndiye anayestahili kupewa. Hapa ilikuwa kinyume. Fukara alitozwa kwa sababu tu alikuwa hai na umri wake umetimia, na asipokuwa na risiti mfukoni hakuweza kupita penye kizuizi cha barabarani kwenda kuuza mzigo wake wa mihogo, ambao ndio ungempatia fedha za kulipia hiyo risiti.

Msimu wa mgambo ulijulikana. Alfajiri, kabla umande haujakauka, kijana aliyewekwa njia panda alipiga mluzi, na wanaume wakatoka kwa mlango wa uani na kuingia katika mikorosho. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sisi tulikuwa watoto wa chuo. Siku moja mwalimu wetu alikuwa akitusahihisha kisomo, mluzi ukalia, naye akafunga juzuu, akaiweka mahali pake kwa adabu, kisha akapita dirishani. Mgambo walipofika walitukuta tunasoma kwa sauti. Wakauliza mwalimu yuko wapi. Tukajibu kwa pamoja, kama watu waliokariri, kwamba amekwenda Mzenga msibani. Hapakuwa na msiba. Waliondoka na mbuzi wake wawili. Jioni mwalimu alirudi na miba katika kanzu yake. Hakutusifu wala hakutukemea, akaendelea na aya pale alipoishia.

Kwa maneno ya mikutanoni, mzee yule alikuwa mkwepa kodi. Lakini kijiji kilipoamua kujenga darasa kwa nguvu zake chenyewe, alifika na jembe lake kabla ya wengi wetu kuamka, akachimba msingi hadi adhuhuri. Hakuna aliyemwandikia risiti, wala hakuna mgambo aliyemfuata. Tunasema hivi kwa sababu maofisa wengi wa wakati ule waliamini kwa dhati kwamba mwananchi wa Uzaramo ni mvivu na hapendi maendeleo. Watafiti waliofanya kazi Kibaha na Kilosa katika miaka ya 1990 walikuta jambo ambalo kila bibi wa Msimbu angaliweza kuwaeleza bila malipo: watu walikataa kodi, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa hawakuona huduma iliyotokana nayo. Zahanati ilikuwa haina dawa, na fedha zilikwenda mahali ambapo hawakuambiwa.

Hata hivyo hatutaki kumpamba mwalimu wetu kupita kiasi. Kukimbilia mikorosho kulimwokoa yeye kwa siku moja, lakini sheria ilibaki pale pale. Na waliobaki nyumbani ndio waliojibu: mke aliyesema mume amesafiri, na watoto waliojifunza kusema uongo mbele ya juzuu zilizofunguliwa. Shuleni, katika somo la Uraia, tulifundishwa kuwa mkweli kwa vyombo vya dola. Nyumbani tulifundishwa namna ya kuvidanganya, na somo la nyumbani ndilo tulilolifaulu. Wako baadhi yetu ambao leo ni maofisa, na wengine ni makada, na hatuna hakika kwamba tumelisahau somo lile.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya Bara peke yake. Msomaji wetu wa Mafia sheria ile ilimhusu kama ilivyotuhusu sisi. Na msomaji wa Unguja ana habari yake iliyo kongwe zaidi, na kwa maoni yetu ni bora zaidi. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa ni watu waliopata kuwa watumwa pamoja na wajukuu wa watumwa, walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja ambavyo juu yake walikuwa wamejenga vibanda vyao. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Hawakukimbilia mashambani. Walibaki katika nyumba zao, wakasema hawalipi, wakashitakiwa, na baadhi yao walipofungwa umati ukaenda kuwatoa. Kuvunja gereza hatukusifu. Lakini Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na sifa ya kusikia vilio vya watu wa Ng'ambo, ililazimika kutunga sheria ya kuzidhibiti kodi hizo. Vivyo hivyo Arumeru mwaka 1998: wananchi waliikataa kodi ya maendeleo iliyopandishwa, wakaikataa mchana, mikutanoni, huku wakidai waelezwe fedha za nyuma zilikwenda wapi.

Tofauti baina ya Msimbu na Ng'ambo si ya ujasiri. Mtu wa Ng'ambo alikuwa na jirani ukuta kwa ukuta, na mtu wa Msimbu alikuwa na pori. Aliye na pori hulitumia. Lakini yule anayekataa hadharani, akajitaja jina, akakubali kufikishwa mbele ya hakimu, bado anaiheshimu sheria kwa namna ambayo anayejificha hawezi. Anaiambia dola kwamba sheria hii moja ni mbaya, na kwamba yeye hajajitoa katika nchi. Ofisa anayemwita mtu wa namna hiyo mhaini hajui tofauti ya mgonjwa anayelia na maiti.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na tuliifurahia. Kufutwa huko kulikuwa na gharama ambayo huzungumzwa kwa nadra: halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku kutoka Serikali Kuu, na mwanakijiji ambaye hachangii moja kwa moja hana ule uchungu wa kuuliza. Pamoja na hayo, heri gharama hiyo kuliko mbuzi wa mwalimu.

Leo mambo yamegeuka kwa namna ambayo maofisa wetu wanapaswa kuitazama kwa hadhari. Tozo za miamala ya simu zilipoanza tarehe 15 Julai 2021, watu wengi walirudi kutumiana fedha taslimu kwa mkono wa abiria na makondakta. Serikali ikalisikia hilo, na mwezi Septemba mwaka huo ikapunguza tozo hizo kwa asilimia 30. Hapo palikuwa bado pana pori la kukimbilia. Lakini mwaka huo huo kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, na mpangaji akajikuta anakatwa kodi ya nyumba ambayo si yake. Huyo hawezi kukimbilia mikorosho. Akitaka taa, amekwisha kulipa, na mwenye nyumba akikataa kumrudishia hana pa kwenda ila kunung'unika.

Ofisa wa miaka ya 1990 aliyeingia Msimbu na kukuta nyumba tupu alikuwa, kama angetaka kuisoma, amepewa barua na kijiji kizima. Mashine haipokei barua. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pekee palipobaki, na viko vijiji ambavyo mwaka huisha bila mapato na matumizi kusomwa. Tunawaomba wakuu wa wilaya, kuanzia Kisarawe na Mafia, wafungue kumbukumbu za vijiji vyao na kuhesabu mikutano hiyo iliitishwa mara ngapi, na ni mara ngapi aliyesimama kuuliza juu ya fedha aliachwa amalize swali lake.