Kabla ya Kutuma Kompyuta, Fungeni Kifurushi

Hapa Maskati tukisikia skuli fulani Unguja au Pemba haina kompyuta, tunajua la kufanya. Linafunguliwa grupu la WhatsApp, riali zinachangwa, laptopu zinanunuliwa, na anayesafiri wiki hiyo anapewa mzigo. Picha zinarudi, watoto wanacheka, khalas. Mie nasema hapo kazi ndo kwanza haijaanza.

Programu nzuri za kufundishia zipo, tena bure na huria. Chukua Kolibri ya Learning Equality. Video na mazoezi vinakaa kwenye mashine moja pale pale skuli, na wanafunzi wanaingia kwa Wi-Fi kupitia brauza, hata kama intaneti haipo. Imetumika mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili kimo.

Shida ya programu za wavuti si kuzipata, ni kuzisimamisha. Nyingi zinataka seva kama Nginx, hifadhidata kama PostgreSQL au MariaDB, toleo sahihi la PHP au Python, ruhusa za mafaili, na mtu wa kuhakikisha vyote vinaamka umeme ukirudi. Mwalimu wa jiografia aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta atayajulia wapi hayo? Nimeona chumba cha namna hiyo huko shamba: mashine zimefunikwa vitambaa kwa sababu kijana aliyezipanga kapata kazi Dar. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja. Ujuzi tu ulipanda boti pamoja naye.

Hapa ndo inapoingia kazi ambayo sie wenye digrii tunaidharau: kuifunga programu iwe kifurushi. Debian, iliyoanza 1993, na Ubuntu, iliyotokana nayo 2004, zinatumia vifurushi vya .deb. Ndani mna mafaili ya programu, orodha ya vitu inavyovitegemea, na skripti fupi za kabla na baada ya kusakinisha. Aliyekifunga keshajibu maswali yote: mipangilio ikae /etc, data ikae /var/lib, huduma iwake mashine ikiwaka. Amri ya apt inavuta vilivyobaki. Kolibri ina kifurushi chake, na kwenye Ubuntu ni amri tatu tu: ya kuongeza hazina yao, ya kusasisha orodha, na ya kusakinisha. Amri tatu zinaandikika kwenye karatasi ikabandikwa ukutani. Mwalimu akihama, anayefuata anasoma.

Najua yupo atakayesema, siku hizi si kuna Docker? Kontena zinasaidia, hasa sie tunaoshughulika na seva za maofisini. Lakini mara nyingi ni nzito kwa mtu anayenunua bando, na zikikwama, wa kuzikwamua ni yule yule kijana aliyehamia Dar. Mwengine atasema vifurushi vya Debian vimezeeka. Kweli, toleo thabiti hutoka kila baada ya miaka 2 hivi, na programu zake hazikimbilii mapya. Ila marekebisho ya usalama yanaendelea kuja, na skuli inataka kitu kitakachoamka Jumatatu kama kilivyolala Ijumaa.

Basi pendekezo langu ni hili. Kwenye kila mchango, sehemu ya riali na wikiendi chache za wajuzi wetu ziende kwenye kifurushi. Skuli inataka mfumo wa maktaba au mahudhurio? Watu wawili waufunge uwe .deb, waujaribu kwenye mashine tupu kabisa, kisha waiweke kazi yao wazi ili skuli yoyote ichukue. Wawili, kwa sababu kifurushi kinataka walezi: tundu la usalama likigunduliwa, lazima awepo wa kuliziba. Laptopu moja inafaa dawati moja. Kifurushi kimoja kinafaa kila skuli itakayokitaka.

Na nyie mnaosema "mie si mtu wa kompyuta", msijifiche. Maswali ambayo kifurushi cha Debian kinauliza wakati wa kusakinisha yanatafsirika, na tafsiri zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha njia miaka ya 2000 kwa mradi wa Kilinux, uliotuletea Jambo OpenOffice. Hiki Kiswahili chetu tunachoambiwa ni cha jikoni kinatosha kabisa kumuuliza mwalimu, "Nenosiri la msimamizi liwe lipi?"

Kwa hiyo jamani, grupu la mchango likifunguliwa tena, kabla hamjauliza bei ya laptopu, ulizeni kwanza: nani ataifunga programu, na nani ataitunza mwakani?