Sanduku Kubwa na Swali Ambalo Hakuna Aliyeuliza

Haya jamani, nimerudi Isiolo salama, ila nimerudi na hasira kidogo. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya hifadhidata wiki hii, lakini hifadhidata itasubiri. Leo ni habari ya sanduku.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa ng'ambo kwa kazi ya wiki 3. Kabla ya kurudi nilinunua betri 4 za akiba za kipakatalishi na pawabenki 2, kwa ajili ya vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa mjini kila Jumamosi. Wanaotumia mashine za mtumba wanajua: betri ndiyo hufa kwanza, na stima ikipotea katikati ya somo, somo limekwisha. Kwangu mimi betri hizo zilikuwa na thamani kuliko nguo zote nilizobeba.

Kanuni naijua vizuri. Betri za lithiamu za akiba, pawabenki zikiwemo, haziruhusiwi kwenye mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Lazima uingie nazo wewe mwenyewe. Basi nikazitia kwenye sanduku la mkononi. Tatizo ni kwamba lile sanduku halikuwa la mkononi kweli. Lilikuwa limezidi kipimo kwa vidole vichache, nami nilijua. Nilitumaini tu lingepita, kama wengi wenu mnavyotumaini.

Kwenye ukaguzi wa usalama lilipita bila neno. Watu wengi hapo huvuta pumzi, wakidhani mambo yamekwisha. Lakini hebu tufikiri kidogo. Mashine za eksirei zinazotumika sana kukagua mizigo ya mkononi zina mdomo wa upana wa sentimita 60 hivi na kimo cha sentimita 40 hivi. Kabati la juu ya viti ni dogo kuliko hapo. Kwa hiyo mashine inaweza kumeza sanduku ambalo kabati litalitema. Mkaguzi haulizi kama mzigo wako utaenea. Yeye anauliza kama ni wa hatari. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Nikafika geti la kupandia ndege. Mhudumu akaliangalia sanduku langu, akaliangalia lile boksi la chuma la kupimia, akatikisa kichwa. Akafunga lebo kwenye mkono wa sanduku, akanipa kipande cha karatasi, akasema litashushwa chini nami nitalichukua Nairobi. Hakunitoza hata senti. Sekunde 20, kazi imekwisha. Akamwita anayefuata.

Hakuniuliza kuna nini ndani.

Nami, nakiri mbele yenu, nilinyamaza. Niliogopa kwamba nikitaja betri ataniambia niziache. Nilishapiga hatua kama 10 kuelekea mlango wa ndege kabla roho haijanisuta. Mama mmoja Mkenya aliyekuwa nyuma yangu akaniona nimesimama. "Mwanangu, umesahau nini?" Nikamwambia nimeacha betri ndani ya sanduku. Akanitazama jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyeacha jiko linawaka. "Rudi ukazitoe. Na mimi pia nasafiri na ndege hii."

Nikarudi. Nikafungua sanduku sakafuni mbele ya abiria wote, soksi huku na fulana kule, nikatoa betri moja moja na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni. Mhudumu alikasirika kwa sababu nilikuwa nachelewesha foleni. Mimi nilikasirika kwa sababu mbele yangu na nyuma yangu masanduku mengine matatu manne yalikuwa yamefungwa lebo vilevile, na hakuna mwenyewe hata mmoja aliyeulizwa kitu.

Kwa nini nalifanya jambo kubwa? Kwa sababu ya moto. Betri ya lithiamu ikiharibika, ikibanwa au ncha zake zikigusana na chuma, inaweza kuanza kujipasha moto yenyewe, na joto la seli moja linawasha seli ya jirani. Ikitokea ndani ya ndege, wahudumu wanaona moshi, wanamwaga maji, wanaipoza. Ikitokea tumboni, hakuna mtu kule. Gesi ya haloni inayotumika kuzima moto wa mizigo inaweza kuzima miali, lakini haisimamishi joto linaloendelea ndani ya betri yenyewe. Ndiyo sababu tarehe 1 Aprili 2016 shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, lilipiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ayoni kwenye ndege za abiria. Na Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote walitoka wakiwa hai, na Machi mwaka huo wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Hiyo ilikuwa juu, mahali watu wanaona. Fikiria ikiwa chini, tena angani.

Sasa nizungumze kama mtu wa programu. Sisi tuna aina ya mdudu tunayemjua sana. Programu inakagua faili, inaona liko sawa, halafu kabla ya kulitumia, hali inabadilika. Ukaguzi ulikuwa sahihi wakati ule, ila si sahihi tena. Wezi wa mitandao wanampenda mdudu huyu. Dawa yake inajulikana: hali ikibadilika, kagua upya.

Sanduku langu ndilo faili hilo. Lilikaguliwa kama mzigo wa mkononi, na kama mzigo wa mkononi lilikuwa halali kabisa. Pale getini likageuzwa mzigo wa tumboni, ambao una sheria nyingine, na hakuna aliyekagua upya. Mkaguzi wa usalama aliuliza, "Ni hatari?" Mhudumu wa geti aliuliza, "Linaenea?" Lililokosa mwenyewe ni swali la tatu: "Kilichokuwa salama juu, kitakuwa salama chini?"

Najua nitajibiwa kwamba abiria huulizwa mapema. Ni kweli, ukijiandikisha kwa mtandao kuna ukurasa wenye picha za vitu vya hatari, na kisanduku cha kuweka alama kwamba umesoma. Jamani, mimi ndiye ninayetengeneza visanduku hivyo kwa riziki yangu! Najua hakuna anayesoma. Na hata aliyesoma aliambiwa aweke betri kwenye mzigo wa mkononi, akafanya hivyo. Ametii. Sisi ndio tuliomgeuzia mzigo mkononi mwake.

Jibu la pili ni kwamba hakuna muda, ndege inangoja. Hapo naomba mje Isiolo, msimame kwenye basi la Nairobi asubuhi. Akina mama wetu hupeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwa mitungi ya plastiki. Makanga hapokei mtungi wala gunia kabla ya kuuliza, "Ndani kuna nini?" Anajua kwamba mtungi wenye kifuniko kibovu utamwagikia magodoro na nguo za watu. Akisikia maziwa, anausimamisha pembeni. Akisikia simu au kioo, anakurudishia ukae nacho mapajani. Sekunde 5. Hana mashine, hana sare, na basi linaondoka.

Nisiwe mwonevu. Yako mashirika ambayo wahudumu wake huuliza kila mara, na mimi mwenyewe nimewahi kuulizwa. Lakini jambo la usalama halifai kutegemea umekutana na nani na ameamkaje.

Na tusisahau chanzo cha msongamano huu. Zamani sanduku la kwanza lilikuwa bure kwenye safari nyingi. Mwaka 2008 American Airlines walianza kutoza dola 15 kwa sanduku hilo, na wenzao wengi wakafuata. Mtu akitozwa chini, anapanda nalo juu. Makabati yakijaa, linashushwa bure getini. Tumetengeneza mfumo unaomfundisha abiria kuleta sanduku kubwa hadi dakika ya mwisho. Vipimo navyo havifanani. Juni 2015 chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilipendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20, watu wakalalamika, na siku chache baadaye mpango ukasimamishwa. Sisi wa kompyuta tumeshazoea viwango vya aina hiyo.

Msiseme hili ni la viwanja vikubwa tu. Uwanja wetu hapa una njia ya kurukia ya kilomita 1.4, yaani ni wa ndege ndogo. Watalii wanaokuja Samburu na Buffalo Springs kutoka Wilson huja kwa ndege kama Cessna Caravan, na kawaida huambiwa kilo 15 kwa begi laini. Ndege hiyo haina makabati ya juu kama ya ndege kubwa, na mabegi mengi huingia kwenye hori la mizigo lililo chini ya tumbo. Kwa maneno mengine, karibu kila begi hukabidhiwa pale pale kwenye ndege.

Ninachotaka si kikubwa. Sentensi moja itamkwe kila lebo inapofungwa getini: "Una betri au pawabenki humu?" Ichapishwe pia kwenye lebo. Na lile boksi la kupimia liwekwe kabla ya ukaguzi wa usalama, wakati abiria bado ana nafasi ya kupanga vitu vyake upya bila kumwaga soksi mbele ya watu.

Nasi tufanye sehemu yetu. Weka betri zote kwenye mfuko mdogo, juu kabisa ya sanduku, ili ukiambiwa uliachie unyofoe mfuko tu. Funika ncha za betri kwa tepu. Soma wati-saa: hadi 100 unaingia nayo, kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika, zaidi ya hapo iache nyumbani. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo haina shida.

Na ukijikuta umenyamaza kama nilivyonyamaza mimi, rudi ukaseme. Betri zangu zimefika zote 6. Jumamosi iliyopita stima ilipotea saa 5 asubuhi, na somo likaendelea hadi mwisho.