Wanaotapeliwa si wajinga

Mtu akitapeliwa mtandaoni, hukumu hutoka hata kabla hajamaliza kusimulia: tamaa mbele, mauti nyuma. Wasikilizaji hutikisa vichwa, wakashangaa mtu mzima na akili zake anaibiwaje kirahisi hivyo, kisha kila mmoja akajiapiza kwamba yeye hawamwezi. Imani hii kwamba wanaotapeliwa ni wajinga au wenye tamaa ni ya uongo, na wanaofaidika nayo ni matapeli wenyewe.

Tuanze na hiyo tamaa. Mteja ametuma pesa kwa simu zikaenda namba isiyo yake. Amepiga huduma kwa wateja, amesikilizishwa muziki mpaka amechoka. Anaingia Facebook, anaandika malalamiko chini ya tangazo la kampuni. Punde anajibiwa: “Pole sana mpendwa mteja, njoo inbox tukuhudumie.” Nembo ni ileile, rangi zilezile, jina lilelile, ila limeongezwa nukta mwishoni. Huko inbox anaombwa namba ya simu, kisha anaambiwa: “Kuna ujumbe wenye tarakimu sita unaingia sasa hivi, nitajie nikuthibitishe.” Anazitaja. Kumbe ndizo zinazofungua WhatsApp yake kwenye simu ya mtu mwingine. Jioni ndugu na marafiki wanaombwa mkopo wa dharura kwa jina lake. Mtu huyu alikuwa anadai chake. Tamaa iko wapi?

Hata ule ujumbe maarufu nchini Tanzania, “Ile hela tuma kwenye namba hii”, unamnasa aliyekuwa anajiandaa kulipa kodi ya nyumba, ada ya mtoto au deni la dukani. Tapeli huutawanya kwa watu wengi akijua kwamba miongoni mwao hakosekani anayedaiwa siku hiyo. Anayenaswa ni mwaminifu anayetaka kulipa deni lake.

Na ujinga je? Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan. Alisajili kampuni yenye jina hilohilo nchini Latvia, zikaandaliwa ankara na mikataba ya kughushi, zikatumwa kwa barua pepe. Waliolipa ni Google na Facebook, zaidi ya dola milioni 120 kwa jumla. Desemba 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka 5. Kampuni zinazoongoza mtandaoni, zenye wahasibu, wanasheria na wahandisi lukuki, zilitapeliwa kwa jina la kampuni zinayoifahamu. Nani basi atamcheka mama ntilie?

Kejeli zetu zina gharama. Aliyetapeliwa anaona haya, ananyamaza. Ukurasa bandia unabaki hewani na kesho unamkamata mwingine. Kampuni nazo zinapata pa kujifichia: mteja ndiye mzembe, si wao waliochelewa kumjibu hadi tapeli akawatangulia. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, nayo inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Lakini sheria haifuatilii kosa ambalo halijaripotiwa.

Anayejiona mjanja ndiye asiyejihadhari. Shika utaratibu mmoja usiotegemea ujanja: aliyekutafuta yeye, usimpe kitu. Kata simu, funga inbox, kisha itafute kampuni wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye kadi, kwenye risiti au kwenye tovuti yake rasmi. Akikuharakisha kwamba akaunti inafungwa baada ya dakika tano, hiyo ni sababu ya kukata upesi zaidi. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho hazitajwi kwa yeyote, hata akikutajia jina lako kamili na kiasi ulichotuma jana.

Ukipata ujumbe wa kitapeli Tanzania, upeleke 15040. Mteja wa Safaricom nchini Kenya aupeleke 333. Kampuni nazo ziwajibu wateja wao mapema na zizisake kurasa bandia zenye majina yao bila kungoja wateja walie. Nawe ndugu msomaji, mwenzako akitapeliwa, msaidie kuripoti siku hiyohiyo. Kicheko chako hakitamrudishia hata shilingi.