Chekechea Arusha: Picha ya mwalimu, rangi ya mtoto

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KATIKA shule nyingi za awali jijini Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, kipindi cha sanaa kina sura moja. Mwalimu huchora ng'ombe, embe au bendera ya Taifa, hutoa nakala, kisha watoto hupewa kalamu za rangi wajaze ndani ya mistari. Aliyempaka ng'ombe rangi ya bluu huelekezwa upya. Aliyevuka mstari hukosa alama ya vema.

Kazi hiyo ina faida yake, kwa kuwa humzoeza mtoto kushika kalamu na kutulia. Hata hivyo, kuiita ubunifu ni kuipa jina lisilo lake, kwani maamuzi yote yamekwisha kufanywa na mtu mzima kabla mtoto hajaketi.

Sanaa ya namna nyingine, ambayo mtoto hupewa vifaa bila kupewa jibu, si ngeni katika nyaraka za serikali. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliweka stadi za kisanii miongoni mwa umahiri mkuu, ukataka pia madarasa yawe na kona za kujifunzia. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na Januari 2024 ukaanza kutumika mtaala ulioboreshwa.

Maandishi, basi, hayakosekani. Swali la kujiuliza ni kwa nini ng'ombe wa mwalimu bado anatawala.

Jibu la kwanza linalotolewa ni fedha. Katika maeneo yanayouzunguka Mlima Meru hoja hiyo haina nguvu sana. Tengeru, Akheri, Ilboru na Ngaramtoni ni nchi ya migomba, kahawa, mahindi na maharage. Maganda makavu ya mgomba, magunzi, majani, mkaa na udongo wa kufinyanga havihitaji bajeti ya halmashauri. Mjini, mafundi cherehani hutupa vipande vya vitenge kila jioni, maseremala hufagia maranda, Soko la Kilombero hubaki na maboksi, na ofisi za utalii zina karatasi zilizotumika upande mmoja tu. (Mwalimu anayehofia mbegu ya harage kuingia puani mwa mtoto ana haki ya kuhofu. Kwa wadogo kabisa, heri udongo na vitambaa.)

Hoja ya idadi ya watoto ni nzito zaidi. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini tangu ada zilipoondolewa katika shule za umma Januari 2016, madarasa mengi yamefurika kupita kiwango hicho. Kuwasimamia watoto 60 wenye udongo mikononi si mchezo, na karatasi zenye ng'ombe huleta utulivu haraka.

Lakini hata penye watoto 20, katika shule za binafsi zenye ada kubwa, mambo hayabadiliki sana. Hapo ndipo inapoonekana sababu ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa kubwa kuliko zote: daftari. Mzazi anayelipa ada anataka kuona kazi iliyosahihishwa. Naye si mjinga, kwa sababu shule nyingi zinazofundisha kwa Kiingereza humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea darasa la kwanza, na usaili huo huuliza herufi na namba. Tonge la udongo ambalo mtoto amelisimulia kwa robo saa kwamba ni daladala iliyoharibikia Kijenge halina mahali pa kubandikwa katika daftari.

Kinachopotea si kidogo. Mtoto huanza kwa mistari ovyo, akifikia umri wa miaka mitatu hivi huweza kufunga duara, na baadaye humchora mtu mwenye kichwa na miguu iliyoota moja kwa moja kichwani, bila kiwiliwili. Picha hiyo huonekana kwa watoto wa nchi nyingi duniani. Si kosa la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, bali ni hatua ya kufikiri, na mkono uliojifunza kufunga duara ndio utakaoandika herufi "a". Kwa maana hiyo, hata anayejali kusoma na kuandika peke yake hana sababu ya kuibeza sanaa huria.

Maduka ya vinyago na picha jijini humu yana mfano wa karibu. Picha za Tingatinga zinazouzwa kwa watalii zinafanana kiasi kwamba ni vigumu kujua nani kachora ipi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za kiwandani. Alitumia alichokipata. Waliomfuata wamepata riziki kwa kuiga, jambo la halali kabisa, lakini soko lenyewe halikuanzishwa na kuiga.

Kubadili usaili hakuhitaji waraka kutoka Dodoma. Mwenye shule anaweza kumpa mtoto udongo, vijiti na vipande vya kitambaa kwa dakika 15, kisha akamwomba aeleze alichokitengeneza. Atapima lugha, mkono, subira na hesabu kwa wakati mmoja. Mwalimu naye anaweza kuandika maneno ya mtoto chini ya picha yake, pamoja na tarehe, akazifunga kazi hizo katika jalada na kumkabidhi mzazi mwisho wa muhula, jambo ambalo kwa watoto 25 linawezekana na kwa 60 litamlazimu achague kazi moja ya kila mtoto kwa mwezi.